Usipunguze Herufi

Soweto West, Kibera
Ijumaa, 9 Mei

Kwako Ndanu ambaye sijakuona,

Naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Siwezi kusoma kwa sauti mbele ya watu. Kimoyomoyo nasoma haraka kuliko wenzangu wote wa Kidato cha Tatu, lakini mwalimu akisema tusome kwa zamu, naangalia aya zilizobaki mpaka nijue yangu ni ipi, na zamu ikinikaribia naomba ruhusa ya kwenda chooni. Walimu wanaamini nina shida ya tumbo. Mama yangu, Seline, amenipa dawa ya minyoo mara nyingi, na nimeimeza yote kimya.

Nakwambia wewe kwa sababu Tabby, msimamizi wetu wa klabu, alisema barua ya kwanza iwe na jambo la kweli, na kwa sababu wewe uko Kawangware na mimi niko Kibera, na pengine hatutaonana. Bila shaka amewaeleza ninyi kama alivyotueleza sisi: vishikwambi ni vichache na klabu za kusoma ni mbili, kwa hivyo kila kimoja kina wasomaji wawili. Juma moja kinakaa kwetu, Jumamosi Tabby anakipakia kwenye begi lake la bluu na kukileta kwenu, juma linalofuata kinarudi. Humu hamna intaneti, ndiyo maana tukapewa ukurasa huu wa kuandikiana barua. Chetu ni nambari saba, ile iliyoandikwa kwa rangi ya kucha mgongoni.

Nimeshasoma karibu nusu ya vitabu vilivyomo. Napenda hadithi fupi na Historia. Pia natunga hadithi zangu, ila hizo hazijatoka kichwani.

Kitu kimoja kidogo. Kishikwambi kilipofika kutoka kwenu, herufi zilikuwa kubwa ajabu, maneno manne yakijaza ukurasa. Nafikiri kuna mtoto aliyekichezea. Nimezirudisha ndogo, kama zinavyotakiwa kuwa.

Wewe unapenda kusoma nini?

Wako kwa ukweli,
Amondi


Gatina, Kawangware
Ijumaa, 16 Mei

Amondi, sasa!

Barua yako ni ndefu kama foleni ya maji. Nimeimaliza leo, na niliianza Jumatatu. Siri yako iko salama, lakini hiyo dawa ya minyoo imenichekesha sana, nisamehe. Na Nairobi nzima ni wewe tu unasema kishikwambi. Sisi huku ni tableti.

Mimi pia niko Form Three. Mama yangu ni fundi wa nguo, ana cherehani yake hapa chini ya ploti, jengo tunalopanga. Napenda Biolojia na hadithi za kuchekesha.

Umenipa ukweli wako, basi chukua wangu. Muhula uliopita nilianguka vibaya. Mama amesema nikianguka tena mitihani ya Julai, naacha shule. Naenda Kitui kukaa kwa susu, nyanya yangu, pamoja na dada yangu Wanza. Hanitishi. Mama yangu akisema kitu, hesabu ameshakifanya.

Hizo herufi ni watoto wa hapa. Pole. Nitawagombeza.

Ndanu


Soweto West
Ijumaa, 23 Mei

Ndanu mpendwa,

Huendi Kitui. Nimeamua.

Mtu anayependa Biolojia na vichekesho hana sababu ya kuwa mkiani. Nadhani unachokosa ni mpango mzuri wa kusoma, na mipango ndicho kitu ninachokiweza. Nimekuandalia muhtasari wa Historia, mada zote za muhula huu. Nimeyabana maandishi ili kila mada ienee ukurasa mmoja, usilazimike kusogeza kidole. Nilikuwa nikiandika kila jioni klabuni mpaka Tabby akaniuliza, "Wewe msichana, unatuandikia katiba mpya?" Maneno ya muhimu nimeyapigia mistari. Ukisoma mada mbili kila juma, utamaliza kabla ya mtihani na kupata nafasi ya kurudia.

Na kuna habari njema nyingine. Wale watoto wenu walikuwa wamezikuza herufi tena! Sasa nimegundua mahali ambapo mtu anaweza kufunga ukubwa wa herufi kwa namba ya siri, na nimezifunga. Hakuna atakayekusumbua. Ukifungua muhtasari utaukuta safi, vile nilivyouacha.

Niambie umefika wapi. Nina uhakika na wewe.

Amondi


Gatina
Ijumaa, 30 Mei

Amondi,

Asante kwa Historia. Sikuisoma. Nilikuwa na kazi nyingi. Usijisumbue kuandika nyingine.

Ndanu


Soweto West
Jumatatu, 2 Juni

Ndanu,

Sitaficha kwamba nimeumia. Niliacha kusoma hadithi iliyokuwa imenoga ili nikuandikie ule muhtasari. Kama hutaki msaada wangu, sema hivyo, lakini usiniambie ulikuwa na kazi. Kila mtu ana kazi. Mimi huenda Soko la Toi kila nikitoka shule kumsaidia Mama kupanga makoti ya mitumba, na bado nasoma. Mtu anayetaka kubaki shuleni hupata muda.

Alhamisi, 5 Juni

Sifuti niliyoandika hapo juu. Nataka uone jinsi mtu anavyoweza kuwa na uhakika na kuwa mjinga kwa wakati mmoja.

Leo nilimwomba Tabby awakataze watoto wa Gatina kugusa nambari saba. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Watoto gani?"

"Wale wanaokuza herufi."

"Amondi, watoto wa Gatina wana tableti zao za picha. Hizi zenu zinafungiwa kabatini, na ufunguo anao Duncan, mwalimu wa klabu ya kule. Nambari saba haishikwi na mwingine ila Ndanu."

Nikasema, "Aa, basi nimekosea," nikarudi kukaa. Sikumwambia zaidi ya hapo. Lakini nilikaa na kishikwambi mkononi bila kusoma, na vitu vikaanza kujipanga vyenyewe. Barua yangu uliyoisoma juma zima. Barua zako fupi. Herufi zinazokua kila zikifika kwako. Na mimi, kila zikirudi, nazipunguza, halafu nikaona haitoshi, nikazitia kufuli, nikakubania na Historia yote humo ndani.

Nimefungua kufuli. Namba ilikuwa mwaka niliozaliwa. Herufi nimezikuza kuliko ulivyokuwa umezikuza wewe. Barua hii sasa ina kurasa nyingi kama kitabu.

Unaiona?

Amondi


Gatina
Ijumaa, 13 Juni

Amondi,

Naiona.

Juma lile ulipofunga nilikaa na tableti mapajani kama sinia. Wenzangu wakisoma, mimi natelezesha kidole tu ili nionekane nasoma. Nilikuchukia mpaka Alhamisi. Ijumaa nikakumbuka ile dawa ya minyoo, nikashindwa kuendelea.

Ilianza nikiwa darasa la sita. Kitu ninachokitazama kinakuwa na ukungu hapo katikati. Watu nawaona. Njia naiona. Nyanya iliyooza sokoni naiona kabla muuzaji hajaificha chini. Herufi ndogo ndizo zinanikimbia. Ubaoni sioni kitu kabisa. Rafiki yangu Kaluki, tuliyekaa dawati moja, alikuwa akininong'onezea kila kinachoandikwa. Muhula uliopita wazazi wake walihamia Machakos, na alama zangu zikahama naye.

Sasa utaniuliza mbona sisemi. Ni kwa sababu ya Wanza. Dada yangu ana macho kama haya yangu. Yalipojulikana, mtu mmoja alimwambia Mama kwamba kumsomesha mtoto asiyeona ni kumchosha bure, afadhali apumzike nyumbani. Wanza alikuwa wa kwanza darasani, Amondi. Sasa anapepeta pojo kwa susu, na ukimpigia simu anakuuliza mnasoma nini siku hizi, umweleze yote, polepole. Mama yangu si mbaya. Aliambiwa hivyo, na hakuwepo mtu wa kumwambia kitu kingine.

Tableti ina sauti yake ya mashine ya kusoma. Nimeijaribu, ndiyo iliyonisomea barua yako ya kufuli. Inasoma Kiswahili kama mtalii aliye na mandazi moto mdomoni. Nilisikiliza mada nzima ya Historia na nilichobaki nacho ni kicheko.

Usimwambie Tabby. Tafadhali. Likijulikana tu, mimi ni wa Kitui.

Ndanu


Soweto West
Ijumaa, 20 Juni

Ndanu mpendwa,

Sijamwambia Tabby. Nimefanya kitu kingine. Kwenye mfuko wa mbele wa begi la bluu kuna spika za masikio. Zivae, kisha ubonyeze palipoandikwa "Sauti za Amondi". Historia yote ya muhula imo, na nusu ya Biolojia.

Nyumbani sikuweza kurekodi. Kuta zetu ni za mabati, na jirani akikohoa huku tunasema pole. Nilijaribu klabuni, lakini pale kuna watu, na mbele ya watu unajua ninavyokuwa. Halafu nikiwa Toi nikiingiza makoti kwenye vyuma vya kutundikia, niliinama kuokota hanga, nikajikuta katikati ya makoti, na kelele zote za soko zikawa mbali kama ziko mtaa mwingine. Yale makoti mazito ya sufu yanameza sauti. Nikamwomba Tabby nitoke na kishikwambi ili nirekodi kitabu cha kusikiliza, jambo ambalo ni kweli, naye akakubali. Tangu siku hiyo nikifika Toi nakaa chini ndani ya makoti na kusoma. Hakuna anayeniona. Mbele yangu kuna vifungo tu.

Usishangae ukisikia vitu ambavyo si vya mtaala. Jirani yetu wa kibanda anaitwa Osewe, anauza mashati, na ana koo la chuma. Siku ya kwanza nilimsikia akiita, "Seline! Wee Seline, koti lako linaongea!"

"Linasoma," Mama akamjibu. "Nyamaza, linasoma."

"Linasoma nini?"

"Osewe, hata likikuambia utaelewa?"

Mteja mmoja aliyekuwa akipapasa mikono ya makoti akauliza kama ni redio iliyosahauliwa mfukoni, na kama redio inakuja na koti. Mama alisema koti ni lake akitaka, msomaji abaki.

Nilipotoka, Mama alinitazama sana. "Kumbe una sauti," alisema. Kisha akaongeza, "Na tumbo?" Nikachukua hanga nyingine nikaendelea kupanga makoti.

Najua Historia ni ndefu, kwa hivyo mwishoni mwa kila mada nimeweka kipande cha hadithi niliyoitunga mimi. Ukimaliza mada unapata mbuzi. Ni hadithi ya mbuzi wa Mama Nabalayo, aliyemeza ufunguo wa kanisa Jumamosi jioni, na waumini wote wakamfuata mtaani Jumapili nzima wakingoja autoe. Usiruke mbele. Mbuzi ni wa waliosoma.

Amondi


Gatina
Ijumaa, 27 Juni

Amondi wa Makotini,

Nimesikiliza yote. Nimerudia. Najua Historia ya muhula huu kama jina langu, isipokuwa pale katikati ya wakoloni ambapo mtu anapiga kelele "Chagua mama, chagua, leo ni bei ya kutupa!" Nikiandika hilo kwenye mtihani, lawama ni ya Osewe.

Una sauti nzuri. Sikwambii ili kukufurahisha. Inatembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Sasa usikasirike. Kuna kijana hapa anaitwa Kevin, hana adabu hata ya kuazima. Aliniona nacheka peke yangu, akachomoa waya wa spika za masikio, na mbuzi wako akasikika chumba kizima. Duncan alikuwa anakuja kunikemea, akasimama, akasikiliza. Kipande kilipoisha watu wakapiga meza wakitaka kinachofuata. Nikawaambia mpaka mada inayofuata iishe. Basi wamekaa wote kusikiliza Historia, Amondi! Hata wale wa darasa la nne. Kila mtu Gatina sasa anauliza kama ufunguo ulitoka. Duncan amempigia Tabby simu. Jumamosi ya tarehe 12 Julai ni Siku ya Kusoma hapa kwetu, wanataka uje usome mwisho wa hadithi wewe mwenyewe, halafu iwekwe kwenye tableti zote, ukurasa wa Hadithi Zetu.

Hiyo ilikuwa habari nzuri. Ya pili si nzuri. Jana tulikuwa na jaribio la Historia shuleni. Majibu nilikuwa nayo yote kichwani, nikiyasikia kwa sauti yako. Lakini maswali yameandikwa kwa herufi za sisimizi. Sikuweza kuyasoma. Nilikaa pale na majibu yangu, sijui ni ya maswali gani. Niliandika tu kile nilichodhani wameuliza. Mwalimu ameandika chini kwa wino mwekundu, herufi kubwa, ambazo nimeziona vizuri: HAUKO MAKINI.

Mitihani yenyewe inaanza tarehe 21.

Ndanu


Soweto West
Ijumaa, 4 Julai

Ndanu,

Nilipofika pale kwa Kevin nilizima kishikwambi. Nilikiwasha baadaye.

Nilikusomea wewe. Nilikuwa ndani ya makoti na wewe ulikuwa upande wa pili, basi. Sasa unaniambia chumba kizima kimenisikia nikiiga sauti ya mbuzi. Juzi Tabby aliponiuliza kama nitakwenda Gatina, nilisema tumbo linaniuma. Alisema, "Amondi, Siku ya Kusoma ni juma lijalo. Tumbo lako linaona mbali."

Lakini barua yako nimeisoma tena, ile sehemu ya mwisho, na nimeona kitu ambacho nadhani umekiona pia. Sauti yangu haiwezi kuingia nawe kwenye chumba cha mtihani. Hata nikisoma vitabu vyote vya Form Three, mtaani kote kukanyamaza, swali litakuja limeandikwa kwa herufi za sisimizi, na utakuwa peke yako nalo. Ukinyamaza unakwenda Kitui. Ukisema, labda unakwenda Kitui. Labda si sawa na hakika.

Nilimuuliza Tabby bila kutaja jina la mtu. Nilisema, mwanafunzi asiyeona herufi ndogo anafanyaje mtihani? Alisema hata ule mtihani wa taifa wa mwisho una karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wa namna hiyo, shule ikiomba mapema. Na mitihani ya shule yenyewe, mwalimu anaweza kuikuza kwenye mashine ya fotokopi. Hakuna uchawi. Ila shule lazima ijue. Hili ndilo ambalo hakuna mtu aliyemwambia mama yako wakati wa Wanza.

Sasa sikiliza. Mimi naogopa chumba, na wewe unamwogopa mama yako. Nitakuja Gatina tarehe 12. Nitasimama na kusoma mpaka ufunguo utoke. Wewe umwambie mama yako kabla ya siku hiyo. Mmoja akishindwa, mwingine ameruhusiwa kushindwa. Lakini sidhani tutashindwa.

Baridi imeshika na watu wananunua makoti kila siku. Mama anafurahi. Chumba changu cha kurekodi kina matundu sasa, Osewe ananiona mguu. Nitalazimika kuzoea.

Amondi


Gatina
Ijumaa, 11 Julai

Amondi,

Nimesema.

Ilikuwa jana jioni. Mama alikuwa anamalizia sare za watoto, uzi ukakatika, akanipa ncha ya kuingiza kwenye sindano ya cherehani. "Nitungie." Kila siku huwa nasingizia kitu, chai inachemka, naitwa nje. Safari hii nilishika uzi nikasema, "Siwezi, Mama. Silioni tundu."

"Washa taa."

"Si taa. Ni macho. Tangu darasa la sita."

Aliendelea kukanyaga cherehani ikiwa haina uzi, Amondi. Tundu tupu likishuka na kupanda kwenye kitambaa. Halafu akaacha.

"Unaniona mimi?"

"Nakuona, Mama. Ni maandishi tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikamjibu kwa neno moja tu. Nikasema, "Wanza."

Hakunigombeza. Ningependa kama angenigombeza. Alikunja sare moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho aliikunja, akaikunjua, akaikunja.

Leo asubuhi kabla ya shule alikuja nami klabuni, akamwambia Duncan amwonyeshe hicho kitu ninachosomea. Duncan akampa nambari saba. Mama naye magazeti huyasoma kwa mkono ulionyooka, basi alikuwa tayari kunyoosha mkono, akashangaa. "Hii hata mimi naiona," akasema. Akasoma barua zako. Zote! Nilitaka kuingia chini ya meza. Alipofika kwenye Toi akauliza, "Huyu Amondi ndiye anayekaa ndani ya makoti kwa ajili yako?" Nikasema ndiye. Ile sehemu ya karatasi kubwa za mtihani aliisoma mara mbili, kisha akaisoma kwa sauti, kwa Duncan, kama anamshtaki. Duncan akasema ni kweli yote.

Kutoka pale tulikwenda shuleni moja kwa moja. Mwalimu wa Historia hakusema lolote kuhusu ule wino mwekundu, lakini ameahidi kunikuzia karatasi. Nitafanya mtihani kwenye karatasi kubwa kama kitambaa cha meza. Wacha wanicheke.

Tulipotoka getini Mama alimpigia susu. Nilikuwa nimejiandaa kusikia siku nitakayosafiri. Akasema, "Ndanu haji huko. Mwambie Wanza afungashe, yeye ndiye anakuja huku."

Kesho asubuhi Mama ananipeleka kliniki ya macho. Hiyo ndiyo siku waliyotupa. Kwa hivyo sitakuwepo, Amondi. Sikujua, naapa, na sina njia ya kukupata kabla, simu ya Tabby leo haipatikani. Nimemwambia Duncan akupe tableti ukifika tu, usome hii kwanza. Mimi nimefanya upande wangu, lakini hukukubali kuwasomea watu usiowajua bila mimi. Nimekufungua. Si lazima usome. Kevin atasoma.

Ndanu


Soweto West
Jumatatu, 14 Julai

Ndanu mpendwa,

Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Nilifika Gatina na Tabby. Nilikuwa nimevaa koti la kijivu ambalo Mama aliliondoa kwenye chuma asubuhi, la mwisho katika yale mazito, akanivalisha na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni. "Kama linakusaidia, nenda nalo," alisema. "Minyoo haivai koti."

Chumba kilikuwa kimejaa. Duncan alinipa nambari saba na kuniambia ulisema nisome kwanza. Niliketi benchi la mbele, nikafungua barua yako. Herufi zako ni kubwa, kwa hivyo mvulana aliyekaa nyuma yangu aliisoma pamoja nami, na mwishoni akanipita. Nilimsikia akisema juu ya bega langu, "Si lazima usome. Kevin atasoma." Akaisoma tena. "Eh. Kevin ni mimi." Halafu akauliza, kwa sauti ambayo chumba chote kiliisikia, "Kwa hivyo unaenda nyumbani?"

Mlango ulikuwa wazi, hatua chache tu kutoka kwangu. Nilisoma tena pale mama yako anapompigia susu. Nikasema, "Hapana. Nasoma."

Nilisimama, nikafungua hadithi niliyoiandika humo kabla nambari saba haijaja kwenu. Sentensi ya kwanza haikutoka. Ya pili ilitoka ikiwa ndogo, na mtu wa nyuma akaita, "Sauti, dada!" Nikaanza upya. Niliwatazama mpaka hapo kisha nikaacha kuwatazama, nikatazama herufi zako, maana sikuzipunguza, na maneno yalikuwa yakija manne manne, sikuweza kukimbia hata kama ningetaka. Kufikia pale mbuzi anapoingia kwa kinyozi na waumini nyuma yake, nilikuwa nimefungua kifungo cha juu. Kufikia mwisho koti lilikuwa limefunguka lote.

Unajua ulibaki wapi. Waumini wamerudi kanisani jioni, wamechoka, ufunguo haujatoka, na Mama Nabalayo anaegemea mlango apumzike. Mlango unafunguka. Kufuli lilikuwa linaning'inia tu, halikufungwa tangu Jumamosi, na hakuna mtu aliyekuwa amelijaribu.

Msichana mdogo wa mbele akauliza, "Sasa walikuwa wanangoja nini?" Hapo ndipo wakacheka, Kevin wa kwanza.

Tabby aliiweka kwenye ukurasa wa Hadithi Zetu, katika vishikwambi vyote. Aliniuliza aandike jina gani. Nilisema Amondi, akaandika. Duncan alikuwa amerekodi, na sauti imo humu. Utanisikia nikishindwa pale mwanzo. Aliuliza kama tukate sehemu hiyo. Nilisema iachwe.

Kisha nilirudi nyumbani, nikamweleza Mama kuhusu tumbo, tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda akaitupa chupa ya dawa.

Leo darasani tulisoma kwa zamu. Nilisoma aya yangu na kukaa. Baada ya shule nilikwenda klabuni, nikachukua nambari saba, nikafungua kitabu kipya. Herufi zilikuwa kubwa. Nimeziacha.

Amondi